Kwa Baba, Aliyeziogopa Mvua za Kwanza

Baba yangu uliyelala Buigiri,

Shikamoo. Hata ulipokuwa hai ilibidi nikusogelee sikio la kushoto ndipo uitikie, na sasa najua hutaitikia kabisa, lakini sikufundishwa kuanza kusema na wewe kwa namna nyingine.

Nimechoka, Baba. Nianze na hilo nisije nikalizungukazunguka. Nimekaa kibarazani hapa Makole na rundo la madaftari ya kidato cha tatu ambayo sijayagusa, na mtaa wa pili wanavunja mwamba kwa mashine wapate msingi wa ghorofa. Mji umekuwa wa kelele. Zamani ulikuwa ukisema Dodoma ni mahali pazuri pa kiziwi kuishi, kwa kuwa hakuna cha kusikia zaidi ya upepo. Siku hizi ungefaidi uziwi wako kweli.

Neema anaondoka Jumamosi. Mjukuu wako, mwanangu wa pekee. Anakwenda nchi ya watu na kikosi cha wahandisi wa medani, kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Ameniomba baraka, nami sijampa. Nilimwambia anipe siku chache, kama vile siku chache zingenipa akili mpya. Nimeona nizungumze kwanza na wewe, maana wewe ndiye uliyemtia jambo hili moyoni. Na barua yenyewe naiacha wazi, asome atakayeisoma. Nadhani wako wazee wengine kama wewe, wamekaa kwenye viti vyao vya kamba huko Kongwa na Mpwapwa, na watoto wao wanadhani wanaumwa.

Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa? Mama alikuwa akisema masikio ya mume wake yalibaki vitani Kagera, yeye akaolewa na kilichosalia. Tulizoea kugonga meza ndipo tuseme, ili usikie mtikisiko kwenye viwiko vyako na ugeuke. Tulikuwa tunapayuka mpaka majirani wanadhani kila siku tunagombana. Na wewe, Baba, samahani, ulikuwa mjanja. Mama akisema kwa sauti ya chini kabisa kule jikoni kwamba chai iko tayari, ulisikia. Mimi nikikuuliza ng'ambo ya Mto Kagera ulifanya nini vitani, husikii. Nikirudia, unashika sikio, unatikisa kichwa kwa masikitiko, unaniomba nikuletee kiberiti.

Nilipoanza kufundisha historia nilikuita shuleni uzungumze na wanafunzi wangu kuhusu vita. Ulikuja umevaa koti la harusi yako. Walikuuliza kuhusu mizinga, ukawaeleza jinsi maharage ya jeshini yalivyokuwa na mawe. Wakakuuliza kuhusu mabomu, ukawaeleza jinsi ndizi za kule zinavyopikwa na jinsi Mgogo anavyopata taabu kuzizoea. Darasa zima lilivunjika mbavu. Kisha binti mmoja akasimama kwa adabu na kukuuliza kama uliwahi kuua mtu. Alisema polepole, kutoka dawati la nyuma kabisa, na nikaona jinsi mkono wako ulivyoshika ukingo wa meza yangu. Ukanigeukia ukasema, "Mwalimu, huyu anasemaje? Masikio yangu haya." Nilijua umesikia. Nikawaambia wanafunzi wakupigie makofi, tukaenda zetu kunywa soda.

Siku niliyokuelewa kidogo ni ile ya machimboni. Ulikuwa umeshastaafu jeshi na kuwa fundi baruti kule kwenye machimbo ya mawe, na mimi nilikuwa likizo ya sekondari, nikikuletea chakula cha mchana. Nilikuwa naijua kazi hiyo kwa kuitazama tu. Mnatoboa mwamba, mnatega, unapandisha kitambaa chekundu, unapuliza filimbi, na akina mama wanaogonga kokoto wanakimbilia nyuma ya kichuguu na makarai yao vichwani. Kila shimo lina mlio wake, na lazima milio ihesabiwe, kwa sababu shimo lisilolia ndilo linaloua watu baadaye. Kwa kuwa wewe husikii, aliyehesabu alikuwa Mzee Ndahani, mwenzako wa tangu jeshini. Wewe ulivua viatu na kusimama peku.

Siku hiyo mwamba ulilipuka, vumbi likapanda, na Mzee Ndahani akainua mkono kuonyesha kwamba yote yamelia. Akina mama wakaanza kutoka, wengine mbio, maana anayefika kwanza ndiye anayepata mawe mepesi kuvunjika. Wewe ukapuliza filimbi tena na kuwarudisha.

"Bado moja," ulisema.

"Yote yamelia, mwenzangu, nimehesabu mwenyewe," akasema Mzee Ndahani.

"Umehesabu na mwangwi."

Kulikuwa na kilima kingine upande wa pili, na kila kishindo kikienda kule kinarudi. Sote tuliokuwa na masikio tulidanganyika. Wewe ulihesabu kwa nyayo, na nyayo hazisikii mwangwi. Akina mama walinung'unika, mmoja akasema mzee ameanza kuzeeka, na jua lilikuwa kali. Ulitungoja tunyamaze. Ulingoja muda mrefu, kisha ukavaa viatu, ukaanza kutembea peke yako kuelekea mwambani.

Niliweka bakuli lako chini na kukukimbilia. Mzee Ndahani alinidaka mkono. Nilimwambia, "Kwa nini aende yeye? Si aende mwingine mwenye masikio?" Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu: "Aliyetega ndiye anayerudi, mwanangu. Hatumwi mtu." Nikasimama nimeutazama mgongo wako na lile shati lililofifia, na nikakuchukia kidogo, Baba. Sikuwa nimejua bado kwamba mtu anaweza kumchukia mtu kwa kuogopa kumkosa. Uliinama mwambani, tukakupoteza machoni, halafu ukatokea umejaa vumbi hadi kwenye kope. Ulinyoosha mkono upewe chakula. Ulionja, ukanitazama, ukalalamika kwamba mlenda umepoa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayajua. Yaliyobaki nilidhani nayajua.

Mvua, kwa mfano. Wewe na mimi ni watu wa nchi kame. Hapa mvua ya kwanza ikinyesha watu hutoka nje wakasimama tu, wameinua nyuso. Mama alikuwa anakimbia na kila ndoo aliyokuwa nayo. Jirani anampigia jirani kelele, "Kwenu imefika?" Na asubuhi yake kila mtu shambani na jembe, kabla ardhi haijakauka tena. Kila mtu isipokuwa wewe. Mvua ya kwanza ikishuka ulikuwa unaingia chumbani na kukaa kitandani, umeangalia ukuta. Huli. Ukiguswa unashtuka. Mara nyingine ulitoka mlangoni ukasimama ukiwatazama wanaolima shamba la jirani, na ulikuwa ukitazama majembe yao, yanavyopanda na kushuka, mpaka Mama akuvute ndani.

Mama aliiita homa ya mvua. Alisema ni baridi ya mahandaki iliyokuingia kwenye mifupa, na ardhi ikilowa inaamka. Basi tukakufukiza. Kila mwaka, Baba! Chungu cha majani kinachemka, tunakukalisha kwenye kigoda, tunakufunika blanketi zito mpaka kichwani, na wewe unakaa humo mpole unatoka jasho, hukatai. Mimi ndiye niliyeshika ncha za blanketi mvuke usitoroke. Ukitoka macho yamekuwa mekundu, na Mama anasema, "Mnaona? Homa inatoka." Tukaridhika. Mpaka Mama anatangulia tulikuwa na hakika na dawa ile, na hata baada yake niliendelea kukufukiza mwenyewe.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumapili. Neema alikuja kutoka kambini, niliporudi kutoka kanisani nikamkuta amekaa jikoni anachambua mlenda. Alinipa shikamoo, akanieleza kuhusu safari, yote kwa pumzi moja, kama anayesoma amri.

Nikamuuliza, "Na wewe lazima uende?"

"Si lazima, Mama. Niliomba."

Unajua hasira zangu, nilizirithi kwa mama yako. Nilimwambia mengi. Nilimuuliza kama amekosa kazi nyingine duniani. Nilimwambia nimelelewa na mtu aliyerudi nusu kutoka vitani, nusu hiyo nimeitunza mpaka nimeifukia, na sasa sina nguvu ya kupokea nusu nyingine. Yeye aliendelea kuchambua. Nilipoishiwa maneno akasema, "Babu hakukwambia kuhusu yale aliyoyatega?"

Hukuniambia. Ulimwambia yeye. Ile miaka yako ya mwisho, alipokuwa anakuja kukaa nawe Buigiri na kukuandikia maneno kiganjani kwa kidole, ulimweleza yote, na mimi nilidhani mnacheza.

Nilieleza darasani mara nyingi kwamba jeshi hutega mabomu mbele ya kivuko ili adui asipite. Sikujua kwamba vidole vilivyokuwa vikinikatia kucha ndivyo vilivyofanya hivyo. Neema anasema ulitega kwa mikono yako kando ya njia moja, ng'ambo ya mto, karibu na mashamba ya watu. Kisha ikaja amri ya kusonga mbele, upesi. Ukauliza nani atarudi kuyatoa. Ukaambiwa wako wenzenu nyuma, hiyo ni kazi yao. Inawezekana walikuja. Inawezekana waliyatoa yote siku ileile. Wewe hukuwahi kujua. Vita vikaisha, ukarudishwa kwa njia nyingine, ukaoa, ukanizaa mimi, ukaotesha mizabibu, na kila mvua ya kwanza ikinyesha unakumbuka kwamba kule nako imenyesha, na mtu ameamka na jembe.

Sikuweza kumalizia kupika. Nilikaa chini sakafuni. Tulikufunika blanketi, Baba. Ulikuwa unafikiri habari za yule mtu na jembe lake, na sisi tulikuwa tunakufunika blanketi na kukuambia jasho litakusaidia.

Neema akaniambia jambo la mwisho. Alipomaliza mafunzo alikuja kukuonyesha sare yake. Ukamuuliza, kwenu siku hizi wanafundisha kutega au kutegua? Akakuandikia kiganjani: kutegua. "Babu alicheka, Mama," aliniambia. "Alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumwona hivyo." Nami sijawahi kukuona hivyo, na nilikuwa binti yako maisha yangu yote. Niseme ukweli, hilo limeniuma kuliko safari yenyewe.

Jumatatu ilinibidi nifundishe. Kipindi kilikuwa cha Vita vya Kwanza vya Dunia, jinsi vilivyoshuka kutoka Kondoa mpaka hapa kwenye reli, madaraja yakalipuliwa, ng'ombe na nafaka za watu zikachukuliwa, na ile njaa ya Mtunya ikafuata ikamaliza koo nzima za Wagogo. Huwa nalifundisha vizuri somo hilo. Huwa nawaeleza tofauti uliyonifundisha wewe, kwamba baruti ya zamani ilikuwa ya kusukuma tu, inatupa risasi basi, lakini wazungu walipopata vilipuzi vikali, kama dinamiti na baadaye TNT, vyenyewe havisukumi, vinapasua. Walianza navyo migodini na kwenye njia za reli, kabla hujageuka wakavijaza kwenye makombora. Na katika vita ile watu wengi zaidi walikufa kwa mizinga kuliko kwa bunduki.

Huwa nasema hayo nikaendelea. Jumatatu sikuweza kuendelea. Nilisimama na chaki mkononi nikajikuta nawaambia kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Niliwaambia zamani ili umuue mtu ilibidi umwone. Halafu vilipuzi hivi vikaja, ikawa huna haja ya kumwona, unapiga kutoka nyuma ya kilima. Halafu wakatengeneza vya kufukia, na sasa huna haja hata ya kuwapo. Unaweza kuwa umeshazeeka, uko kwako Buigiri unamwagilia zabibu, na mkono wako bado uko kule ardhini unangoja.

Kisha msichana mmoja, yule ambaye kwa kawaida analala, akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo nani anaenda kuyatoa?"

Nilimjibu, "Watoto wa wengine." Nikaweka chaki nikatoka nje, nikanawa uso bombani. Maji yalikuwa hayatoki vizuri, kama kawaida, nikakinga tone tone.

Tangu siku hiyo nabishana na wewe. Nikiwa naosha vyombo nakwambia kwamba hukuwa na haki ya kumpa mtoto mzigo ambao mimi ulinificha. Halafu nakumbuka sura yako ukiwa mlangoni na mvua inanyesha, nanyamaza. Nasema aliyepewa amri ndiye aliyetega, aliyetoa amri ndiye arudi. Halafu najua kwamba waliotoa amri hawajawahi kurudi popote, vita yoyote, nchi yoyote, na mwenye jembe hawezi kuwangoja, kwa sababu mvua haimngoji. Nasema basi aende mtoto wa mwenzangu. Hapo ndipo ninapojiona nilivyo, na ndipo ninapochoka zaidi.

Subiri. Geti limelia.

Nimerudi, Baba. Alikuwa Neema. Amekuja kuchukua soksi nzito alizozisahau, ndivyo alivyosema, lakini soksi hakuzitafuta. Alikaa hapa kwenye ngazi akaniegemea magotini. Amekata nywele fupi sana na ana kovu dogo kisogoni ambalo sikumbuki alilipata wapi. Mashine ya kuvunja mwamba ilikuwa imenyamaza.

Nikamuuliza anavyofanya kazi. Akanieleza kwamba wanapiga magoti na kuikagua ardhi kipande kwa kipande, polepole, na kwamba siku nzima inaweza kuisha kwenye kipande kidogo kuliko jiko langu. Nikamuuliza inakuwaje mtu akichoka. Akasema, "Ukichoka unasema, Mama. Wanakupumzisha. Ni lazima useme." Nikafikiri, laiti wewe ungeambiwa hivyo na mtu yeyote.

Nikaweka mkono kichwani pake nikamwambia aende. Sikusema vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kimama, yenye Mungu na malaika ndani yake, lakini yaliyotoka ni, "Haya, nenda. Kula vizuri." Akalia yeye, mimi sikulia, nilikuwa nimeshachoka mno. Ameondoka sasa hivi kuwahi kambini.

Basi nimempa, Baba, na sitaki kujifanya kwamba nimempa kwa furaha. Nimempa kwa sababu kuna mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, anayetaka kulima. Wewe ulimbeba mtu huyo miaka yote peke yako, chini ya blanketi letu. Pumzika sasa, inatosha. Mizabibu yako inazaa, nimeipogoa mwenyewe, vibaya lakini inazaa. Msalimie Mama na umweleze haikuwa homa. Atasikitika, mshike mkono.

Nina ombi moja tu, na hili naomba ulisikie, hata kama ni la mwisho utakalosikia kutoka kwangu. Mtoto huyu anakupenda, na ana haraka ya kukufuata katika kila jambo. Ukimwona amefika huko kabla yangu, usimfungulie.

Ni mimi binti yako,
Mama Neema